Softwea inasema Kiingereza changu kiko safi, bosi anasema kina makosa. Nani yuko sahihi?

Msomaji mmoja kaniandikia hivi, nimelifupisha kidogo: "Shikamoo mwalimu. Ofisini kwetu ripoti zote tunaandika kwa Kiingereza. Nimeandika ripoti nikaipitisha kwenye softwea ya kukagua sarufi, nikarekebisha kila kilichopigwa mstari mpaka ikanipa alama 98 kwa 100. Nikaituma kwa bosi, ikarudi ina wino mwekundu sehemu nne. Nikamwambia mama hii imeshakaguliwa na kompyuta, akanijibu kompyuta haijui Kiingereza. Sasa mwalimu, sarufi si ni kanuni tu kama hesabu? Mbili na mbili ni nne hata bosi akatae. Kama ni kanuni kwanini kompyuta isijue, na kama kompyuta haijui, nani sasa anayejua?" Akaambatanisha na zile sentensi nne zilizochorwa.

Marahaba, na asante kwa kuniwekea sentensi zenyewe, maana wengi wananiuliza hili swali juu juu tu, eti hii apu inaaminika au haiaminiki, ukimuuliza ilikosea wapi hana hata mfano mmoja.

Jibu fupi ni kwamba wote wawili wako sahihi, softwea na bosi wako. Sentensi zako nne zote ni Kiingereza kizuri, hamna hata moja inayovunja sarufi. Na bado tatu kati ya hizo nne ni makosa na huyo mama alikuwa na haki zote za kuzirudisha. Najua inasikika kama nakwepa kuchagua upande, ila tuzipitie moja moja utaona.

Tuanze na ile ya mteja. Uliandika "We informed the client about the delay and he accepted it", bosi akakata "he" akaandika "she". Umeniambia mwenyewe kwamba huyo mteja ni mwanamke na ofisi nzima mnamfahamu. Hili kosa sisi tuliokua na Kiswahili tunalifanya mno na wala si ujinga, kichwani unasema "akakubali" na hiyo "a" ya mwanzo haina habari na mwanaume wala mwanamke, sasa ukifika kwenye Kiingereza unalazimishwa kuchagua na mkono unachagua la karibu. Haya niambie, softwea ingejuaje? Kwenye sentensi hamna jina, hamna cheo, hamna chochote, "the client" anaweza kuwa mtu yeyote chini ya jua. Taarifa ya kulitambua kosa haimo kwenye maandishi kabisa, imo kichwani mwako na kichwani mwa bosi. Ukiandika "My sister said he is late" itakaa kimya vilevile, na inafanya vizuri kukaa kimya, maana huenda dada yako alikuwa anamsema mumewe.

Ya wakaguzi nayo ni hivyohivyo ila imejificha zaidi. Mwanzoni uliandika "The auditors found error in section two", softwea ikapiga mstari ikakupendekezea "an error", ukaklik, mstari ukapotea, roho ikatulia. Kanuni iliyofanya kazi pale ni ya kweli, "error" kwa maana hiyo ni nomino ya kuhesabika na ikiwa umoja haisimami peke yake namna ile, inataka kitu mbele yake au iwe wingi. Softwea iliona tatizo na iliona vizuri. Lakini njia za kulitatua zipo tatu na kila moja inasema habari tofauti: "an error" ni kosa moja, "the error" ni lile kosa ambalo mimi na wewe tayari tunalijua, "errors" ni makosa zaidi ya moja. Wakaguzi walikuta mangapi? Bosi anasema matano. Softwea haikuwepo kwenye ukaguzi, ikachagua jibu linalotokea mara nyingi kwenye maandishi iliyofundishiwa, yani imebahatisha, afu wewe ukaidhinisha. Sasa hivi una ripoti ya ukaguzi yenye sarufi safi inayosema kosa lilikuwa moja.

Hizi "a" na "the" ndo sehemu inayotesa watu kuliko zote na naomba nikae hapo kidogo. Watu wanafundishwa kana kwamba ni kanuni ya mpangilio wa maneno, kwamba kuna sentensi zinataka "the" na kuna zinazotaka "a". Siyo. Mara nyingi zote mbili zinaruhusiwa na kinachoamua ni kama msomaji wako anakijua hicho kitu tayari au ndo unamtambulisha. "I bought a car" na "I bought the car" zote ni safi, ila ya pili inadai tulishaongea habari za gari fulani. Softwea ya zamani ilikuwa inaangalia sentensi moja tu basi, kwahiyo ilikuwa haiwezi hata kujaribu. Za siku hizi zinasoma aya nzima na zimekuwa nzuri kweli, ila hata zikisoma ripoti yote haziwezi kusoma yale mliyoongea kwenye kikao cha jana.

Ya nne ndo imeniuma kidogo. Uliandika "The old records were deleted in March", ikapigwa mstari kwamba ni kauli ya kutendwa, andika kauli ya kutenda, ukageuza ikawa "We deleted the old records in March". Bosi pembeni kaandika "Sisi??" na alama mbili za kuuliza. Ndugu yangu, hujui nani alifuta hizo rekodi, umeniambia mwenyewe, na ulitumia kauli ya kutendwa kwa sababu hiyohiyo, kwamba aliyefuta hajulikani. Hiyo kauli haijawahi kuwa kosa la sarufi kwa Kiingereza. Ni ushauri wa mtindo, umepigiwa debe sana na walimu wa uandishi wa karne ya 20, una busara yake mtu akiizidisha, ila kwenye ripoti, sheria na maandishi ya sayansi inatumika kila ukurasa na inafanya kazi ambayo kauli ya kutenda haiwezi. Softwea ikaupiga mstari ushauri kana kwamba ni kanuni, na wewe ukakiri kosa ambalo hata hujui kama mlilifanya.

Hapa ndo ugomvi wangu mkubwa na hizi programu ulipo, kuliko hata yale zinayoyakosa. Zinaweka vitu vya aina tofauti kabisa kwenye foleni moja, mstari uleule, kitufe kilekile cha kukubali, na hata zile zinazobadilisha rangi ya mstari, wangapi wanajua kila rangi ina maana gani?

Turudi kwenye swali lako la hesabu sasa, maana ni swali zuri na jibu lake siyo "hapana" moja kwa moja.

Kuna sehemu ya sarufi ya Kiingereza ambayo ni ngumu kama jiwe. Mtu aliyekua na Kiingereza, awe profesa au awe hajawahi kukanyaga darasani, hasemi "the sat cat mat on the". Anasema "big red car", hasemi "red big car", na ukimuuliza kwanini anakukodolea macho, hajui, hajawahi kufundishwa, anajua tu. Mwaka 1957 mwanaisimu Noam Chomsky alitoa mfano ambao mpaka leo haujachuja: "Colorless green ideas sleep furiously". Haina maana yoyote, mawazo ya kijani yasiyo na rangi yanayolala kwa hasira, ila kila mzungumzaji anasikia kwamba ni sentensi ya Kiingereza, na ukiyapanga maneno hayohayo kinyumenyume anasikia kwamba siyo. Kwahiyo ndiyo, sarufi ni kitu kipo, si maoni ya mtu, na kinaweza kuchunguzwa kwa kusikiliza na kuhesabu wanavyosema watu. Angalia na hilo lingine lililofichama humo: sentensi inaweza kuwa safi kabisa kisarufi na ikawa upuuzi mtupu. Chomsky alikuwa anaitetea sarufi pale, ila mimi naitumia kukuonyesha kwanini alama 98 haikukinga.

Tofauti na hesabu inaanzia kwenye nani anaamua. Kifaransa wana Académie française tangu 1635, Kihispania wana chuo chao cha kifalme tangu 1713, hata kama watu hawavisikilizi sana angalau vipo. Kiingereza hakina. Jonathan Swift alipendekeza kianzishwe mwaka 1712, akaandika kabisa barua ya wazi kwa waziri mkubwa wa wakati huo, halikufika popote. Kilichotokea badala yake ni watu binafsi kuandika vitabu. Robert Lowth, ambaye baadaye alikuwa askofu wa London, alitoa cha kwake 1762. Lindley Murray, mwanasheria Mmarekani aliyehamia Uingereza, akatoa cha kwake 1795 na kikauzwa sana huku na huku, na vizazi kwa vizazi vya shule vikala humo. Humo kulikuwa na mambo ya kweli na kulikuwa na mapendeleo ya mwandishi, yakachapwa kwa herufi zilezile, kwahiyo huu mchanganyiko haukuanza na kompyuta.

Mfano ni ile ya kutomalizia sentensi na kihusishi, kwamba usiseme "the man I spoke to". Ilipata nguvu kwa John Dryden, mshairi, mwaka 1672, aliponung'unikia maandishi ya Ben Jonson, mwandishi wa tamthilia aliyekuwa ameshakufa zamani. Dryden hakugundua kwamba Waingereza hawasemi hivyo, walikuwa wanasema na wanasema mpaka kesho, yeye tu hakuipenda. Katazo la kuingiza neno katikati ya "to" na kitenzi ni la karne ya 19, nalo halina mizizi yoyote kwenye usemaji wa watu. Lile la kutenganisha "which" na "that", kwamba kila moja ina kazi yake, mwaka 1926 Fowler, Mwingereza aliyeandika kitabu maarufu cha matumizi ya Kiingereza, alilipendekeza kama utaratibu ambao ungependeza kama watu wangeufuata, akakubali mwenyewe kwamba wengi hawaufuati, afu miongo kadhaa baadaye Microsoft Word ikawa inaupigia watu mstari wa kijani.

Na "they" kwa mtu mmoja, lo, hapo watu wametoana macho. Imetumika tangu karne ya 14. Karne ya 18 waandishi wa sarufi wakaanza kusema mtu asiyejulikana jinsia aitwe "he", na mwaka 1850 Bunge la Uingereza likapitisha kwamba kwenye sheria zake maneno ya kiume yahesabike kuwa yanajumuisha wanawake. Mwaka 2019 mwongozo wa APA, ule wanaoutumia watu wa saikolojia na vyuo vingi, ukaipokea rasmi "they" ya mtu mmoja. Sasa softwea iliyotengenezwa 1997 ingeipiga mstari na ya leo inaipendekeza yenyewe. Mbili na mbili haijawahi kubadilika hivyo.

Sentensi yako ya kwanza iko kwenye hilo fungu. "The committee have approved the new schedule", bosi kaweka "has". Hapa hakuna kosa lolote. Uingereza wanaruhusu kikundi kichukue kitenzi cha wingi ukiwafikiria kama watu kadhaa, na cha umoja ukikifikiria kama kitu kimoja. Marekani karibu siku zote ni umoja. Softwea yako nadhani umeiwekea Kiingereza cha Uingereza ndo maana ilinyamaza, ibadilishe uweke cha Marekani kuna uwezekano mkubwa italalamika, sentensi ileile, siku ileile. Bosi wako nadhani amezoea upande ule. Ni haki yake kama ofisi ina utaratibu, ila asiseme kompyuta haijui Kiingereza kwa ajili ya hiyo moja.

Na kuna Viingereza vingine ambavyo softwea inavikandamiza kabisa. Wamarekani weusi wengi wana "She be working" na "She working", na hizi si namna mbili za kukosea "She is working". Ya kwanza ni mazoea, ya pili ni sasa hivi, kama sisi tunavyotofautisha "hufanya kazi" na "anafanya kazi". Wanaisimu kama William Labov waliyachambua haya tangu miaka ya 1960 wakaonyesha ni mfumo wenye kanuni zake kali, ukizivunja wenyewe wanakushangaa. Softwea inapiga mstari zote mbili kwa sababu imewekewa kukagua Kiingereza sanifu tu. Kwa ripoti ya ofisi ni sawa, ndo unachokihitaji. Ila ikisema "si sahihi" ilipaswa kusema "si sanifu".

Sasa kuhusu kompyuta yenyewe inafanyaje kazi, maana watu wanadhani kuna kitabu kizima cha sarufi mle ndani. Za mwanzo, zile za Bell Labs, maabara ya utafiti ya kampuni ya simu ya Marekani, mwishoni mwa miaka ya 1970, kazi yake kubwa ilikuwa vitu kama kutafuta misemo iliyochakaa na kuhesabu urefu wa sentensi. Baadaye zikaja za kanuni: neno linapewa aina yake, hii nomino, hiki kitenzi, afu mpangilio fulani ukionekana kengele inalia. LanguageTool ilianza hivyo mwaka 2003 kama kazi ya mwanafunzi wa chuo Ujerumani, na kanuni zake ziko wazi ukitaka kuzisoma. Shida ya njia hiyo unaiona kwenye "The list of items is ready". Kitenzi kinakubaliana na "list" iliyoko mbali, siyo "items" iliyokaa jirani, na programu inayotazama majirani tu inakupa ushauri mbovu kwa kujiamini kabisa. Za sasa zimefundishwa kwa mamilioni ya sentensi na zinaibahatisha sentensi nzima iliyonyooshwa, kwahiyo la "list" haziangukii kirahisi. Zina ugonjwa mwingine, zinanyoosha hata kisichopinda. Unaipa aya yako inakurudishia aya nzuri ya mtu mwingine.

Kuna jambo moja wasilolisema kwenye matangazo na nataka ulijue. Mwaka 2014 kulikuwa na shindano la watafiti la kusahihisha insha 50 za wanafunzi wa chuo kikuu cha Singapore, sentensi 1,312. Waandaaji wakakubaliana kwenye kupima, kutopiga kengele ya uongo kuhesabiwe uzito mara mbili ya kukamata makosa yote. Yani bora programu ikose kosa kuliko imsumbue mtu aliyeandika sawa. Ni uamuzi wa busara na mimi ningeufanya, mtu akisumbuliwa mara tatu bure anaizima. Tangu hapo hicho ndo kipimo kikuu cha watu wa fani hii. Matokeo yake ni kwamba mifumo inayoshinda ni ile inayojua kunyamaza ikiwa na wasiwasi. Wewe ukiona ukurasa hauna mstari hata mmoja unasoma "hamna kosa", wakati ulichoambiwa ni "hamna kosa ambalo nina uhakika nalo".

Na insha hizohizo zilitumika kwa jambo lingine tamu zaidi. Mwaka 2015 watafiti wawili, Bryant na Ng, walikusanya masahihisho ya watu 10 wanaojua Kiingereza vizuri, kila mtu kasahihisha insha zilezile 50 peke yake. Wakawapima wao kwa wao kwa kipimo kilekile cha kompyuta. Kama sarufi ingekuwa hesabu wangepata 100 au karibu na hapo. Walipata wastani wa 72 na ushee. Siyo kwamba hawajui, sentensi moja mbovu ina marekebisho mengi yanayokubalika, na kuna sentensi mmoja anaiona imeharibika mwingine anaiona inapita. Mwaka 2018 watafiti wa Microsoft wakatangaza mfumo wao umefikia kiwango cha binadamu kwenye hizohizo insha, na ni kweli kwa kipimo hicho, ila soma vizuri maana yake: kompyuta inakubaliana na lile kundi angalau kwa kiasi ambacho mtu mmoja wa lile kundi anakubaliana na wenzake. Ni mafanikio makubwa. Si sawa na kusema inajua jibu, kwa sababu sehemu nyingi jibu moja halikuwepo.

Ukitaka picha, fikiria VAR. Kwenye kuotea kompyuta inachora mstari, bega limepita au halijapita, kwisha kazi, hata shabiki wa timu iliyoonewa ananyamaza baada ya muda. Kwenye mpira wa mkono wanarudia video mara kumi kutoka pembe zote na bado nusu ya dunia haikubali, maana pale sheria inauliza mkono ulikuwa mahali pa kawaida au alikusudia, na kamera haipigi picha ya kusudio. "He go to work every day" ni kuotea. "An error" au "errors" ni mpira wa mkono.

Afu kuna pale ambapo hata mahakama inashindwa kusema sentensi inasema nini. Jimbo la Maine huko Marekani lilikuwa na sheria inayotaja kazi zisizolipwa malipo ya saa za ziada, orodha ndefu inayoishia na "packing for shipment or distribution" ya bidhaa fulani. Madereva wa kampuni ya maziwa ya Oakhurst Dairy wakasema hapo kinachotajwa ni kufungasha tu, kufungasha kwa ajili ya kusafirisha au kusambaza, sisi hatufungashi, tunasambaza, tulipwe. Kampuni ikasema hapana, kusambaza ni kazi ya pekee kwenye orodha. Koma moja kabla ya "or" ingemaliza ubishi, na haikuwepo. Mwaka 2017 mahakama ya rufaa ikasema sentensi ina utata wa kweli, na kwa kuwa sheria ile ni ya kumlinda mfanyakazi utata ukaenda upande wa madereva. Mwaka uliofuata kampuni ikakubali kulipa dola milioni 5. Pitisha ile sentensi kwenye softwea yoyote. Inaweza kukushauri uweke koma, inaweza isikushauri, inategemea umeiwekea mtindo gani, na mwongozo wa watunga sheria wa Maine wenyewe ulikuwa unasema usiiweke. Kwahiyo aliyeandika alifuata kanuni.

Hiyo alama yako 98 sasa. Mara nyingi namba kama hiyo haipimi sarufi peke yake, inachanganya urefu wa sentensi, aina ya maneno na mambo mengine ambayo kampuni inayajua yenyewe. Baadhi ya vipimo vya usomekaji vilivyomo kwenye programu nyingi vinatokana na fomula ya Rudolf Flesch ya mwaka 1948, ambayo inahesabu maneno kwa sentensi na silabi kwa neno, basi. Fanya jaribio leo: chukua aya yako, ndani ya kila sentensi changanya maneno ovyo mpaka isieleweke kabisa, acha nukta zibaki palepale. Alama ya Flesch itakuwa ileile. Usiitume kwa bosi kama ushahidi tena tafadhali.

Sikwambii uache softwea. Mi naitumia kila siku na kazi yangu ni kuhariri. Kwa "s" iliyosahaulika kwenye kitenzi, neno lililorudiwa mara mbili, "informations", "discuss about", "I look forward to see you", inaniona kabla sijajiona na haichoki saa nane za usiku. Ninachofanya ni kwamba sikubali pendekezo kabla sijajiuliza hii inaniambia watu wa Kiingereza hawasemi hivi, au inaniambia ofisi fulani haiandiki hivi, au inaniambia kuna mtu asingependa. Ya kwanza nakubali karibu kila mara. Ya pili naangalia naandika kwa nani. Ya tatu naipuuza nikiwa na sababu, na wewe kwenye rekodi zilizofutwa sababu ulikuwa nayo. Na kila pendekezo linalogusa "a", "the", wingi, "he", "she" au wakati wa kitenzi, lisome upya kama taarifa, siyo kama lugha: je ndivyo ilivyotokea? Jibu la hilo unalo wewe, ndo hapo swali lako la "nani anayejua" linapoishia.

Kwa bosi, ya kamati mwulize tu mnaandika cha Uingereza au cha Marekani, akichagua weka hivyohivyo kwenye softwea na wote muwe kitu kimoja, usibishane naye kuhusu "has". Ya mteja na ya wakaguzi rekebisha alivyoandika yeye. Hiyo ya rekodi irudishe ilivyokuwa mwanzo, "were deleted", na uirudishe leo, kabla ripoti haijasambazwa na jina lako liko chini yake.